Kantri ni historia ya mdomo kuisogelea maiki

Ukiwauliza wapenzi wa kantri, muziki wa mashambani wa Marekani, muziki wao ulianzia wapi, wengi watakutajia Bristol, mji uliokalia mpaka wa majimbo ya Tennessee na Virginia, ambako Ralph Peer wa kampuni ya sahani za muziki ya Victor alirekodi kuanzia Julai 25 hadi Agosti 5, 1927. Vikundi 19, rekodi 76. Tarehe sibishani nayo. Nabishana na sababu. Husimuliwa kana kwamba vipaji viliteremka milimani wiki hizo mbili. Vipaji vilikuwepo siku zote. Kigeni kilikuwa maikrofoni.

Kabla ya 1925 watu walirekodi kwa pembe, bomba lililopanuka mdomoni kama tarumbeta. Mwimbaji alisimama mdomoni mwa pembe hilo akapaza sauti, na mtikisiko wa hewa peke yake ukaisukuma sindano ichore mfereji kwenye nta. Hapakuwa na umeme wa kukuza chochote. Fidla na benjo zilipenya kwa ukali wake, nyuzi nene za gitaa zikamezwa. Ndiyo maana majina ya mwanzo kabisa, Eck Robertson mwaka 1922 na Fiddlin' John Carson mwaka 1923, ni ya wapiga fidla.

Peer alipopanga vyombo vyake Bristol, ghorofani kwenye jengo la kampuni ya kofia, Victor ilikuwa tayari inatumia mfumo wa umeme wa Western Electric. Mablanketi yalitundikwa ukutani kuua mwangwi. Sahani ya nta ilizungushwa na uzito unaoshuka taratibu, kama wa saa ya ukutani, kwa sababu mota za wakati ule hazikuaminika kwenda mwendo mmoja, na mwendo ukiyumba noti nayo inayumba. Nafasi ilikuwa dakika 3 hivi. Mtu akikohoa, nta imeharibika. Wala huwezi kuisikiliza kwanza ujiridhishe: sindano ikipita juu ya nta laini inakula mfereji, kwa hiyo wimbo ulirudiwa kwenye sahani nyingine kwa tahadhari.

Sasa msikilize Maybelle Carter, mpiga gitaa aliyerekodi Bristol akiwa na miaka 18. Kidole gumba kinapiga melodi kwenye nyuzi nene, kidole cha shahada kinapangusa nyembamba kujaza mdundo. Kwa pembe, nusu ya ufundi huo, tena nusu iliyobeba wimbo, ingepotea. Mwimbaji Jimmie Rodgers naye alirekodi hapohapo Agosti 4 akiwa na gitaa lake tu, bendi yake ikiwa imemwacha baada ya ugomvi. Sahani zake zilisafiri hadi kwa Wakipsigis wa Kenya, na mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, akawarekodi wakimwimba kwa jina la Chemirocha, yaani Jimmie Rodgers kwa matamshi yao.

(Peer alilipa dola 50 kwa wimbo, ila mapato yake mwenyewe yalitoka kwenye hakimiliki, hivyo alitaka nyimbo zisizosajiliwa na mtu. A.P. Carter, aliyeongoza kundi la kina Maybelle, alizunguka kuzikusanya pamoja na Lesley Riddle, mpiga gitaa mweusi aliyezishika tuni kichwani. Jina la Riddle halikuwekwa mbele, na hilo doa halijafutika.)

Hatua ya pili, ya mdomo wenyewe kuisogelea maiki, ilichukua miaka 30. Jim Reeves, ambaye redio zetu zimempiga mpaka wasiojua Kiingereza wanamfuatisha, alianza kwa kuimba kwa nguvu kama wenzake. Lakini aliwahi kuwa mtangazaji wa redio. Alijua maiki inataka nini. Mwaka 1957, katika “Four Walls”, Chet Atkins akiwa mtayarishaji, alishusha sauti akaimba midomo ikikaribia kugusa maiki. Wimbo ukashika namba 1 kwenye chati ya kantri.

Ufundi wenyewe ni huu. Maiki inayosikia upande mmoja huongeza besi unapoikaribia. Ukiwa sentimita 5 hadi 10 sauti inanenepa. Gharama yake ni kwamba kila umbali ukiongezeka mara mbili sauti inashuka desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ukiwa sentimita 60, kusogea sentimita 5 hakuna anayegundua. Ukiwa sentimita 5, kichwa kikirudi nyuma kiasi hichohicho neno linazama. Herufi P na B zinapuliza na kulipuka, kwa hiyo geuza maiki kidogo, pumzi ipite pembeni. Na bendi ikipiga kwa nguvu, ngoma zinaingia kwenye maiki ya mwimbaji anayenong'ona, hazitoki tena.

Wakosoaji husema Nashville, mji wenye studio kubwa za kantri, iliondoa fidla na gitaa la chuma (lile linalolia kwa kuteleza chuma juu ya nyuzi) ili iuze kwa watu wa mjini. Kweli iliuza. Lakini sauti ya chini hivyo isingevumilia fidla inayokwaruza kando yake. Kwaya ya “uuu” na piano ya mguso mwepesi zilimwachia nafasi. Kilichoniudhi ni kugeuza dawa ya mwimbaji mmoja kuwa sare ya kila mtu, hata wenye makoo ya kupasua dari.

Reeves alirudia njia ileile mwaka 1959 katika “He'll Have to Go”, uliokaa namba 1 wiki 14 mwaka uliofuata. Unaanza kwa mwanamume kumwomba mwanamke asogeze midomo karibu zaidi na simu.