Waliozikwa bila jiwe nao wapewe ukurasa

Kwa miaka miwili sasa nimekuwa mmoja wa watu wachache wanaoshirikiana kuandika kitabu cha kuwaongoza wasafiri wanaotaka kuyazuru makaburi ya kihistoria ya wanajeshi, kuanzia Arusha, kupitia Moshi, hadi Taveta ng'ambo ya mpaka. Wenzangu wengine wako Kenya na wengine Ulaya. Mimi naishi hapa Moshi, na kurasa zinazohusu mji huu na vitongoji vyake zimewekwa mikononi mwangu. Katika kazi hiyo nimefikia msimamo ambao umetugharimu mabishano marefu, na leo naueleza hadharani. Kitabu kinachoorodhesha makaburi yenye mawe peke yake kinarudia, hata bila kukusudia, uamuzi uliofanywa takriban miaka 100 iliyopita kuhusu nani akumbukwe na nani asahauliwe. Kwa sababu hiyo, mahali walipozikwa watu bila jiwe panastahili ukurasa wenye uzito uleule.

Msomaji asiyeijua historia ya eneo hili huenda akashangaa kwamba tuna makaburi ya kutosha kujaza kitabu. Vita Kuu ya Kwanza ilitufikia mapema mno. Mnamo Agosti 1914 Wajerumani walivuka mpaka wakaikalia Taveta, na tarehe 3 Novemba mwaka huohuo majeshi ya Waingereza na Wahindi yalijaribu kuuteka mlima Longido, kaskazini ya Arusha, yakarudishwa nyuma. Mwaka 1916 mapigano yaliteremka kama maji ya masika: kilima cha Salaita karibu na Taveta tarehe 12 Februari, vilima vya Latema na Reata tarehe 11 na 12 Machi, kisha kuingia kwa majeshi ya Jenerali Smuts, kamanda wa upande wa Waingereza, hapa Moshi siku chache baadaye, na hatimaye Kahe tarehe 21 Machi, ambako Wajerumani walipoondoka waliuharibu na kuuacha mzinga mmoja uliotolewa katika meli yao ya kivita ya Königsberg, iliyokuwa imezamishwa katika delta ya Rufiji mwaka uliotangulia. Mtu akianzia stendi ya Moshi asubuhi, akapita Himo na Holili, anaweza kuvuka mpaka, kuviona vilima hivyo vya Taveta na kurudi kabla ya giza kuingia.

Hapo pana jambo dogo linalowapoteza wageni wengi wanaokuja kumtafuta babu wa babu yao. Nyaraka za wakati ule zinataja Moshi mbili. Moshi Mpya ndiyo iliyoota kando ya stesheni ya reli, na ndiyo mji wetu wa leo. Moshi ya zamani iko juu mlimani, na wenyewe tunaiita Old Moshi hadi sasa. Nimewahi kumpokea mgeni aliyezunguka siku nzima huko juu migombani, ilhali kaburi alilolitafuta lilikuwa huku chini mjini. Kurasa mbili za kueleza majina ya mahali zina faida kuliko picha 20 za rangi.

Mgeni huyo alipofikishwa kwenye makaburi ya vita ya hapa mjini alilia, nami sikumshangaa. Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoanzishwa mwaka 1917 kwa jina la Kamisheni ya Kifalme, ilijiwekea kanuni ambayo naiheshimu kwa dhati: kila aliyekufa atajwe kwa jina, na mawe yasitofautiane kwa cheo wala utajiri. Mwana wa tajiri na mwana wa mchimba makaa walipewa jiwe la aina moja. Ni wazo zuri, na ndiyo maana inauma kwamba huku kwetu halikutekelezwa kwa wote.

Vita vya Afrika Mashariki vilipiganwa mahali ambapo farasi na ng'ombe waliangamizwa na ndorobo, na kwa hiyo chakula, risasi na wagonjwa vilibebwa na binadamu. Majeshi ya Uingereza peke yake yaliwatumia wapagazi wanaokaribia milioni moja, wengi wao wakichukuliwa kwa nguvu, na vifo vyao vilivyohesabiwa ni takriban 95,000, zaidi kwa kuhara damu, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Jeshi la Wajerumani nalo lilikuwa na wapagazi wake, ambao hesabu zao ziliwekwa kwa uzembe mkubwa zaidi. Amani iliporudi, mawe na majina yalitolewa kwa Wazungu, na gavana wa Tanganyika wa wakati ule akaona kwamba makaburi makubwa ya wapagazi yaachwe yarudi kuwa pori upesi iwezekanavyo. Kamisheni yenyewe ilikiri ubaguzi huo katika ripoti iliyoitoa Aprili 2021, ikaomba radhi, na kukadiria kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kila Mtanzania hulitaja jeshi hilo la wapagazi bila kujua, kwa kuwa jina la Kariakoo ni matamshi yetu ya jina lake la Kiingereza, Carrier Corps.

Sasa narudi kwenye mabishano yetu. Rasimu ya kwanza niliyotumiwa ilikuwa na kurasa nyingi juu ya maofisa waliofia Latema, na sentensi moja juu ya wapagazi. Nilipolalamika, mmoja wa wenzangu alinijibu kwa adabu kwamba msafiri anahitaji kitu cha kutazama, na kwamba hatuwezi kumtoa mtu hotelini, tukamlipisha gari na mafuta, ili tumwoneshe shamba la mahindi. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mwandishi wa mwongozo ana deni kwa msomaji wake, na msomaji aliyefikishwa mahali patupu bila maelezo atahisi ametapeliwa.

Lakini jiwe si alama pekee ya kaburi, na hili ndilo nililoshindwa kulieleza kwa barua hadi wenzangu walipofika wenyewe. Uchaggani mtu huzikwa kihambani kwake, yaani kwenye shamba la ukoo, katikati ya migomba na kahawa, na tangu zamani kaburi na mpaka wa kihamba vimetambulishwa kwa masale, mmea uleule ambao mtu humpelekea jirani anapoomba msamaha. Kila Desemba watoto waliotawanyika Dar es Salaam na kwingineko hurudi nyumbani, na miongoni mwa kazi zao za kwanza ni kupalilia mahali alipolala babu. Ukishalielewa hilo, unaelewa pia ukubwa wa hasara ya mpagazi aliyefukiwa kando ya njia asiyoijua mtu, mbali na masale ya kwao. Mzee mmoja wa Kahe alitupeleka hadi ukingoni mwa shamba, akanyoosha fimbo, akasema kwamba baba yake alimkataza kulima kipande kile kwa sababu kuna watu wa vita. Hakujua majina yao wala upande waliopigania. Kipande hicho hakijalimwa hadi leo. Wenzangu kutoka Ulaya walikaa kimya kwa muda mrefu, kisha mmoja wao akafungua daftari, akaanza kuandika.

Ni kwa msimamo huohuo niliomba Tsudunyi, Old Moshi, iingizwe kitabuni. Hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli, chifu wa Old Moshi, tarehe 2 Machi 1900, pamoja na viongozi wengine wa Wachagga, Wameru na Waarusha. Meli alikuwa amewahi kulishinda jeshi la Wajerumani mwaka 1892. Inaaminika kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekitafuta kwa miongo mingi. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba vilivyofanywa Berlin viliyahusisha baadhi ya mafuvu yaliyohifadhiwa huko na familia za huku kwetu, lakini la Meli halikuwa miongoni mwao. Niliambiwa kwamba Tsudunyi si kaburi. Nilijibu kwamba kitabu cha makaburi ya wapiganaji wa Kilimanjaro kisichomtaja mtu aliyenyimwa hata kaburi kitakuwa kimeandikwa kwa macho ya waliomnyonga. Ukurasa huo sasa upo.

Tengeru, karibu na Arusha, ilituletea ubishi mdogo, kwani waliolala pale ni wakimbizi wa Kipoland wa Vita Kuu ya Pili, wala si askari. Kati ya mwaka 1942 na miaka ya mwanzo ya 1950 walipita pale watu wapatao 5,000, na makaburi yao yanakaribia 150. Tumeyaweka, kwa sababu vita ndiyo iliyowaleta, na kwa sababu pale msafiri anaona kwa macho yake kaburi linavyodumu likipata mtu wa karibu wa kulifagia kila siku.

Hapo ndipo penye moyo wa ushirikiano huu. Watunza makaburi na wazee wanaotuonesha njia wasishukuriwe tu mwanzoni mwa kitabu. Majina yao, wakiridhia, yawekwe miongoni mwa waandishi, na siku walizotupa zilipwe kama zinavyolipwa siku za mpiga picha. Wagumu wanaopandisha mizigo Kilimanjaro hawaruhusiwi kubebeshwa zaidi ya kilo 20 na wanadai ujira unaofahamika; sioni kwa nini anayebeba kumbukumbu ya kijiji afanye kazi kwa soda na asante. Toleo la Kiswahili nalo litoke siku moja na la Kiingereza, ili mwalimu wa sekondari wa Himo asisubiri miaka mitano kusoma habari za uwanja ulio nyuma ya shule yake.

Jambo moja nimelishikilia kwa ukali. Huku kwetu wapo watu wanaochimba usiku wakitafuta mali wanazoamini zilifukiwa na Mjerumani, na makaburi kadhaa yameharibiwa kwa imani hiyo. Kwa hiyo mahali pasipo na jiwe hatutapachapishia vipimo vya setilaiti. Tutataja kijiji, na msafiri atakwenda kwanza ofisi ya mtendaji, atajieleza, kisha atapelekwa na mwenyeji. Mhariri wetu alihofia kwamba wageni wataona usumbufu. Huenda wakauona, lakini msibani nako mtu hupiga hodi.

Wiki iliyopita mchora ramani wetu alituma rasimu mpya. Makaburi yenye mawe ameyawekea msalaba, mwezi au mstatili mdogo, kulingana na yalivyo. Yasiyo na jiwe ameyawekea duara tupu, kwa ukubwa uleule wa alama nyingine, na duara la kwanza amelichora Kahe.