Majivu ya chuma na mgonjwa asiye na damu

Wanaodhani Ayurveda, tiba ya jadi ya India, hutibu upungufu wa damu kwa majani na mizizi tu wamekosea. Huko ugonjwa huo, uitwao pandu, hutibiwa kwa chuma hasa. Dawa iitwayo navayasa ina mimea tisa, fungu moja la kila mmoja, kisha mafungu tisa ya majivu ya chuma. Nusu yake ni majivu hayo.

Kuyatengeneza kuna kazi. Chuma huchomwa hadi kiwe chekundu, kikazimwa katika mafuta ya ufuta, mtindi uliotolewa siagi, mkojo wa ng'ombe na vinginevyo, mara saba kwa kila kimoja. Halafu husagwa na maji ya triphala, mchanganyiko wa matunda matatu makavu likiwemo amla, kikafungiwa ndani ya vyungu vilivyozibwa kwa udongo na kuchomwa tena na tena kwa samadi kavu. Ungaunga wake ukielea juu ya maji yaliyotulia, tena ukiingia katika mistari ya ngozi ya kidole, umeiva.

Watetezi wa majivu haya wana hoja ya kweli: vidonge vya hospitali hufunga choo na kutia kichefuchefu, wengi huviacha njiani. Lakini kidonge cha feri salfeti cha mg 200 kinajulikana kina takriban mg 65 za chuma. Majivu ni oksidi isiyoyeyuka kirahisi tumboni, na tanini, yaani ukakasi wa triphala hiyohiyo, huzuia chuma kufyonzwa. Vitamini C ya amla husaidia, ila anayemeza dawa kwa mtindi anajirudisha nyuma.

Hatari kubwa zaidi ni madini ya risasi. Majaribio ya maji na kidole hupima ulaini tu, sumu hayaioni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulipima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani Boston, Marekani. 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Na risasi huvuruga vimeng'enya vinavyounda himoglobini: mgonjwa huzidi kupauka, naye huongezewa dawa ileile.

Basi kabla ya kumeza chochote, pima feritini, inayoonyesha akiba ya chuma mwilini. Mwenye thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi, huenda chuma kimemjaa tayari, na mla mboga mtupu aliyepungukiwa vitamini B12 hatapona kwa chuma. Mjamzito asiguse majivu haya. Mwingine akiyataka, aombe cheti cha maabara cha toleo hilohilo la dawa, arudie kipimo cha himoglobini baada ya wiki nne. Isipopanda hata gramu 1 kwa desilita, aache, patafutwe damu inapopotelea.