Mnyonya damu aliyeingia kwa mkataba

Katika Nosferatu, filamu bubu ya F. W. Murnau ya mwaka 1922, mnyonya damu haingii mjini kwa kuvunja mlango. Ananunua nyumba. Dalali Knock ndiye anayepokea barua yake na kumtuma kijana Hutter hadi milima ya Karpati, akimwahidi pesa nzuri, ingawa itamgharimu jasho na pengine damu kidogo. Orlok, mnyonya damu mwenyewe, anatia saini mezani palepale alipoiona picha ya Ellen, mke wa Hutter, na kuisifu shingo yake. Kwangu, siasa ya filamu hii imelala kwenye meza hiyo: balaa linaingia mji wa Wisborg kwa karatasi halali, na waliolifungulia ni wenyeji.

Wengi huanzia kwenye pua ya Orlok, kucha zake, panya na ule udongo anaosafiri nao kutoka mashariki. Wanaona humo kejeli ya Myahudi, na wana haki. Ujerumani ya baada ya vita ilijaa chuki dhidi ya Wayahudi waliohamia kutoka Ulaya ya mashariki, na mwaka 1940 propaganda ya Wanazi iliwalinganisha Wayahudi na panya waziwazi kwenye sinema. Mwandishi wa filamu, Henrik Galeen, alikuwa Myahudi, na Alexander Granach aliyeigiza Knock vilevile. Hilo haliisafishi sura ya Orlok. Picha ikishatoka hutumika na yeyote anayeihitaji.

Lakini tazama tauni inapofika. Wenyeji wanaambiwa wafunge milango na madirisha, na mpiga mbiu anasoma amri: wanaoshukiwa kuugua wasipelekwe hospitalini. Milango inachorwa misalaba kwa chaki, majeneza yanapita barabarani kwa safu. Watazamaji wa 1922 walikuwa wametoka kuzika wafu wa vita na wa homa ya mafua ya 1918. Kisha umati unamkimbiza Knock kwa mawe, na shambani unairarua sanamu ya kufukuzia ndege ukidhani ni yeye. Knock hana usafi wowote, ila si yeye anayeua, na muuaji amejikalia kwenye nyumba aliyoilipia. Sijui onyesho jingine la enzi hiyo linaloeleza vizuri hivyo namna hofu inavyotafuta mtu wa kupiga.

Chagua nakala yako kwa makini. Mwaka 1925 mahakama iliamuru nakala ziteketezwe kwa madai ya mjane wa Bram Stoker, mwandishi wa riwaya ya Dracula ambayo filamu hii iliiga bila ruhusa, na zilizosalia hazilingani. Matukio ya usiku yalipigwa mchana, kisha yakatiwa rangi ya buluu. Ukitazama nakala isiyo na rangi hizo, Orlok anabeba jeneza lake mjini jua likiwaka, kisha jua hilohilo linamuua mwishoni. Ellen, aliyemzuia kitandani kwake hadi jogoo awike huku wanaume wakichelewa, anaonekana amekufa bila sababu.