Kabla ya Kufyatua Matofali Kwenye Gunda

Nyuma ya nyumba ya nyanya yangu, huko Seme, kaunti ya Kisumu nchini Kenya, kuna kipande cha shamba ambapo mahindi humpita mtu mzima kwa urefu. Hatua kumi pembeni, yanaishia kiunoni. Pale ni gunda, mahali palipokuwa na boma la watu waliohama zamani. Nyanya hajawahi kuweka mbolea pale. "Ng'ombe wa babu zenu bado wanatulisha," husema.

Mwezi uliopita jirani alianza kufyatua matofali kwenye gunda lake. Nilichungulia shimoni: juu udongo mweusi wenye majivu, kina cha dhiraa moja hivi, chini yake wekundu mtupu. Vigae vya vyungu vilirushwa kando, ule weusi ukaenda kuchomwa tanuruni. Niliumia sana.

Samadi, mkojo, mifupa na majivu huacha fosforasi, kirutubisho cha mimea, nayo hushikana na chuma, alumini na kalsiamu udongoni kiasi kwamba mvua haiiondoi kwa urahisi. Miaka ya 1920 huko Sweden, Olof Arrhenius alipima udongo kwa ajili ya kilimo cha viazisukari, akakuta fosfeti, yaani fosforasi ilivyo udongoni, imejaa palipokuwa na makazi ya kale. Na hapa jirani, Narok, utafiti uliochapishwa 2018 ulionyesha kwamba mazizi ya wafugaji wa kati ya miaka 3,700 na 1,550 iliyopita bado yana rutuba kushinda ardhi inayoyazunguka.

Ukichota udongo kila baada ya mita moja au mbili na kuupima, unaanza kuona zizi lilikuwa wapi, jiko wapi, jaa wapi. Mabaki ya mafuta ya kinyesi husaidia kutofautisha cha mtu na cha ng'ombe. Vijidudu vya kale ndivyo vinavyotaka uangalifu: bakteria wengi utakaowakuta ni wa leo, na joto letu huharibu DNA upesi. Mimi ningeanza na fosforasi.

Thimlich Ohinga kule Migori iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2018, na ilistahili. Lakini zile ni kuta za mawe. Wazee wengi wa upande huu walijenga kwa miti, udongo na nyasi, na kuta zao zimeoza. Tukingoja kuona ukuta ndipo tupaite mahali pa historia, tutakuwa tumewafuta watu hao kwa mikono yetu.

Na muda unatubana. Kila msimu tunapomwaga mbolea ya dukani ya DAP, tunaongeza fosforasi mpya juu ya ile ya wazee, kisha plau inavuruga zote. Naomba serikali za kaunti na vyuo vyetu wachukue sampuli kabla gunda halijachimbwa, ndani na nje yake ili walinganishe, kisha wazihifadhi kavu zikiwa na alama ya mahali zilipotoka.

Jirani amekubali kuniachia upande wa mashariki hadi baada ya mavuno. Jana nilikwenda kupigilia vigingi vinne.