Nesi kaamka na homa baada ya chanjo, "ni kawaida tu" inatosha?

Februari 2021 hospitali moja ya Braunschweig, Ujerumani, ilichoma wafanyakazi wake 88 chanjo ya korona ya AstraZeneca, kesho yake 37 wakashindwa kuingia kazini, homa, baridi, kichwa kinagonga. Uswidi nako, mkoa wa Sörmland, waliochanjwa ni kama 400 na mia hivi wakaripoti kuumwa, zoezi likasimamishwa kwanza. Sasa pata picha ingekuwa wodi yenu na zamu ya usiku ina manesi wawili.

Wapinga chanjo walizidaka hizo habari fasta: si mmeona, hata madaktari wenyewe inawaangusha. Upande wa pili wakajibu mwili unajenga kinga, kunywa panadol, kesho kutwa uko fiti.

Kitaalamu hao wa pili hawajakosea. AstraZeneca ilikuwa inasumbua zaidi dozi ya kwanza na inasumbua zaidi vijana, na ukiangalia hospitalini wengi ni watu wa umri wa kufanya kazi, kwa hiyo homa za namna hiyo zilitegemewa kabisa. Alafu kuna hili linachekesha kidogo, kwenye majaribio ya chanjo za korona watu waliochomwa sindano isiyo na chanjo ndani, kama 35 kwa kila 100 nao walilalamika kichwa, uchovu na kadhalika baada ya dozi ya kwanza. Hofu nayo inaumiza jamani.

Ila usiende kumwambia nesi kwamba ni hofu tu. Norwe watumishi wa afya watano, umri miaka 32 hadi 54, waliganda damu huku chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda) zimeshuka, siku 7 hadi 10 baada ya AstraZeneca, na watatu wakafariki. Ni watano kati ya watu zaidi ya 130,000 waliochanjwa, sawa, lakini walikuwa watu. Marekani nao wakasimamisha Janssen, chanjo ya korona ya Johnson & Johnson, tarehe 13 Aprili 2021 sababu ya wanawake sita walioganda damu kwenye dozi karibu milioni 6.8, baada ya siku kumi wakaendelea. Na Janssen ndio hiyo hiyo iliyotua Tanzania Julai mwaka ule, dozi milioni moja na ushee, watumishi wa afya wakiwa kundi la mwanzo. Mi bado ningechoma, maana korona yenyewe inagandisha damu za watu wengi kuliko hapo.

Shida yangu ni hiyo "ni kawaida tu". Kichwa cha siku ya kwanza ni kawaida, kichwa kinachoanza siku ya sita na kinazidi, au mguu umevimba, au tumbo linakata, hiyo inaweza kuwa damu imeganda, sio ya panadol, na ukishamzoesha mtu kwamba kila kitu ni kawaida atakaa nacho nyumbani.

Na zamu je? Ufaransa mamlaka ya dawa ilishauri watu wa kitengo kimoja wachanjwe kwa mafungu, wasiumwe wote siku moja, kitu ambacho hakihitaji hata shilingi. Huku kwetu nesi akiomba ED (ruhusa ya daktari ya kupumzika) kwa homa ya chanjo anaonekana anatega kazi. Viongozi watasema ukitoa siku ya mapumziko kwa kila anayechanjwa wengine wataenda nayo kwenye send-off, na kweli wapo watakaoenda, ila bora huyo kuliko anayetetemeka huku anatafuta mshipa wa mtoto.