Pweza hakunila, alinishika tu

Kabla sijaanza. Yule shoga yangu aliyewaambia jana kwenye grupu kwamba nimeliwa na pweza mpaka nikabaki uchi mbele ya kijiji kizima ni muongo. Kijiji kizima kilitoka wapi? Walikuwepo wanawake kumi na moja na ngalawa mbili. Na uchi sikuwa, nilikuwa na taiti. Ya bluu, ya zamani, ina kitundu huku nyuma, lakini taiti ni nguo.

Haya. Mnajua niko Songo Songo, huku Kilwa, utafiti wa mastazi. Mnaoniuliza kila siku hiyo anthropolojia ndo dude gani, ni kazi ya kukaa na watu mpaka wakuzoee halafu unaandika. Mimi naandika wanawake wa visiwani, nani anaamua hela, nani anaamua bahari. Na kilichoniponza ni kusoma. Mzee wetu wa anthropolojia, Malinowski, alikaa visiwa vya Trobriand, Papua New Guinea huko, kati ya 1915 na 1918, akatuandikia wanaume wanavyopanda mitumbwi kwenda kubadilishana mikufu na bangili na dunia nzima ikaamini. 1971 akaenda mama wa Kimarekani, Annette Weiner, siku ya kwanza tu kijijini akakuta wanawake kwenye shughuli ya msiba wanagawana mafungu ya majani makavu ya migomba, kumbe ndo mali yao ile, ina hesabu zake na heshima yake, na yule mzee aliipita hivihivi! Niliposoma pale nikasema basi, na mimi nakwenda kutafuta majani yangu ya migomba. Tena Mmakonde mie, kwetu ukoo unahesabiwa kwa mama, nani wa kunifundisha habari za wanawake? (Chekeni tu.)

Sasa juzi bamvua, saa nne asubuhi, maji yametoka mbali huko, mwamba umebaki mkavu na vidimbwi vyake. Wanawake wanashuka na mikonzo na ndoo, maana pweza wa kumfuata kwa miguu ndo wao, wanaume wengi wanazamia kule kwenye kina. Mimi nimeshuka na daftari, simu inarekodi, kanga nimeifunga kiunoni kimapozi, miguuni yeboyebo. Nikampata bibi mmoja mtaalamu, nikamwambia shikamoo bibi, nina maswali machache tu. Machache yenyewe ishirini na sita. Nikajikalia kwenye jiwe, miguu kwenye kidimbwi. Bibi akaniambia, "Mwanangu, hapo usikae." Nikamjibu, "Usijali bibi, nimezoea." Nimezoea! Nina wiki mbili kisiwani!

Tukafika swali la 14. "Bibi, kwenu nyumbani mwenye sauti ni nani?"

Bibi kimya.

Sasa sisi chuo tulifundishwa mhojiwa akinyamaza usimkatize, ukimya nao ni data. Nikamuangalia, naye anaangalia chini, kwenye miguu yangu. Nikaandika, nawaapia daftari ninalo hapa, nimeandika: "Anasita. Anainamisha macho. Suala nyeti." Nikapigia mstari kabisa.

Hapo nikasikia kitu cha ubaridi kwenye kifundo cha mguu. Laini. Nikajua mwani. Nikaupiga teke kidogo, mwani ukanishika. Kah! Ukapanda. Vile vikombe vyake vinabana kimoja kimoja, pwa, pwa, pwa, mpaka kwenye shavu la mguu, mwingine ukanizunguka goti, na mimi bado akilini nasema hapana, huu ni mwani wa aina nyingine. Nikainama kuangalia. Likaniangalia jicho.

Nyie. Ile sauti iliyotoka siijui ilikuwa imekaa wapi miaka yote hii. Niliita mama, nikaita baba, nikamwita na mwalimu wangu wa darasa la tatu. Nikaruka, jiwe likaniacha, kanga ikaenda zake na maji, yeboyebo moja upande wa Mafia nyingine upande wa Kilwa, na pweza yupo palepale mguuni kama kalipa nauli. Ngalawa ya kwanza ikashusha tanga. Kwa nini ishushe tanga? Walikuwa wanakwenda zao!

Bibi hakukimbia. Akaja taratibu, anakanyaga mawe yake anayoyajua, akamshika pweza kichwa, akakigeuza nje ndani kama foronya, mikono ikalegea yote. Akamtia ndooni. Akaokota simu yangu juu ya mwamba, bado inarekodi, akaisogeza mdomoni kama mtangazaji: "Andika. Mwenye sauti ni wewe."

Yaliyobaki mafupi. Pweza alikuwa kilo mbili na robo, bibi akamuuza palepale ufukweni, hela akaifunga kwenye pindo la kanga, hakumuuliza mtu. Nikajichekesha, "Bibi, na mimi fungu langu?" Akasema, "Ulimshika wewe au alikushika yeye?" Swali la 15 mpaka la 19 nikayafuta mwenyewe.

Sasa mimi kila wiki natakiwa nimtumie supavaiza sauti ya mahojiano mojawapo. Nikatuma bila kusikiliza. Leo asubuhi kajibu mstari mmoja: "Dakika ya 11 kuendelea, mhojiwa ni nani?"

Watoto huku wanaponiona wananyamaza, halafu mmoja anauliza kwa sauti nzito, "Kwenu mwenye sauti ni naaani?" wanatimua mbio. Bamvua halijaisha, bibi kaniambia kesho nishuke tena ila nikae anapokaa yeye. Taiti nimeishona.