Maelekezo ya Daktari Apewe Anayebaki Nyumbani

Siku hizi mtu anazibuliwa mshipa wa moyo leo, na baada ya siku mbili tatu yuko sebuleni kwake anabishana habari za Simba na Yanga. Kifua hakina alama. Kilichopo ni plasta kwenye kifundo cha mkono, pale ulipopitishwa mrija wa kwenda moyoni, na weusi kidogo pembeni yake, kama wa mtu aliyejigonga mlangoni. Wageni wanaokuja kumjulia hali wanautazama ule mkono, wanatazamana, halafu mmoja anasema, "Kumbe walikugusa tu!"

Baba mkubwa wangu, aliyezibuliwa hivyo hivyo, naye alianza kuamini kwamba waligusa tu.

Tiba yenyewe si ya jana. Daktari Andreas Grüntzig alizibua mshipa wa moyo kwa puto kule Zürich mwaka 1977, na mwaka 1986 madaktari wa Ulaya wakaanza kuacha ndani ya mshipa kijibomba cha wavu wa chuma, yaani stenti, ili usizibe tena. Kwetu Tanzania, tangu Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ianzishwe mwaka 2015, wagonjwa wengi ambao zamani wangepelekwa India wanatibiwa pale Upanga. Hilo ni jambo la kujivunia. Ninayetaka kumzungumzia mimi ni yule anayempokea mgonjwa mlangoni akisharudi.

Angalia siku ya kuruhusiwa inavyokwenda. Nimeiona hospitali za serikali, nimeiona za binafsi, tofauti ni ndogo. Muuguzi anauliza, "Ndugu wa mgonjwa yuko wapi?" Anayesimama ni mwenye gari, mwenye kadi ya bima, mwenye Kiingereza. Kwetu alisimama kaka yetu mkubwa. Akapewa maelekezo yote, akaitikia, akasaini, akamfikisha mzee nyumbani, na Jumapili akarudi zake Dodoma kazini. Mama mkubwa, ambaye muda wote ule alikuwa kwenye benchi nje ameshika chupa ya uji, akabaki na mfuko wa dawa ulioandikwa "1x1".

Sasa nani anapika? Nani anajua kwamba mzee akijisikia nafuu huwa anaacha dawa kimyakimya? Nani anasikia ushauri wa kila mgeni anayeingia?

Suala la dawa ndilo linaloniudhi zaidi. Stenti ni kitu kigeni mwilini, na damu hupenda kuganda juu yake mpaka utando wa mshipa wenyewe uifunike. Ndiyo maana mgonjwa hupewa dawa mbili za kuzuia damu kuganda: aspirini, ambayo kwa kawaida ni ya maisha, na nyingine kama klopidogreli, ambayo mara nyingi huliwa miezi 6, au 12 kwa aliyepata shambulio la moyo. Kuziacha katikati bila daktari kusema ni kukaribisha donge la damu ndani ya stenti, na watu hufa kwa hilo. Halafu anakuja jirani, kwa nia njema kabisa, anasema dawa za hospitali zinachosha figo, bora kitunguu saumu na asali. Mama mkubwa angemjibu nini? Hakuna aliyemweleza kidonge kile cha waridi kina kazi gani.

Mkono ulipouma, kijana wa duka la dawa alimuuzia mzee diklofenaki bila kumuuliza chochote. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa moyo na anayemeza aspirini, dawa za kundi hilo huongeza hatari ya kutokwa damu tumboni na hazifai kwa moyo wenyewe. Panadoli ndiyo ya kuanza nayo. Ni sentensi moja tu, na aliyekuwa nayo alikuwa Dodoma.

Hata "asibebe vitu vizito" ni maneno matupu mpaka yafike kwa mtu wa nyumba ile. Mara nyingi wagonjwa huambiwa wasizidishe kama kilo 5 wiki ya kwanza. Ndoo ya lita 20 ina maji ya kilo 20, na kwa Baba mkubwa ndoo si mzigo, ni shughuli ya asubuhi. Upande wa pili, vijana wake walimkataza hata kutembea hadi msikitini, wakati kutembea polepole na kuongeza mwendo siku hadi siku ni sehemu ya tiba. Mama mkubwa peke yake ndiye aliyesema mwacheni mzee anyooshe miguu. Alikuwa sahihi kwa akili yake mwenyewe.

Na kuna lile ambalo hakuna mtoto anayeweza kulifikisha kwa wazazi wake. Unyumba. Mama mtu mzima atamuulizaje mwanawe kama wanaruhusiwa? Mwana naye, hata kama aliambiwa, ataanzia wapi? Basi watu wanakaa na hofu miezi, au mzee anatafuta jibu mitaani kwenye dawa za nguvu za kiume. Hapo ndipo penye hatari ya kweli: akiwa amepewa dawa ya maumivu ya kifua ya kuweka chini ya ulimi, akachanganya na zile za nguvu, presha inaweza kuporomoka na kumuua. Na jibu la swali lenyewe wala halitishi. Kipimo cha kawaida ni kwamba mtu anayepanda ngazi za ghorofa mbili bila maumivu ya kifua wala kuhema sana, huwa yuko tayari. Lakini hilo ni la kuambiwa wao wawili, mlango umefungwa, na muuguzi asiyewaonea haya.

Nitaambiwa wauguzi ni wachache na foleni ni ndefu. Ni kweli. Lakini dakika zile zile anazopewa mwenye kadi ya bima zinaweza kupewa mwenye sufuria. Kama hayupo, apigiwe simu pale pale, iwekwe spika. Aambiwe kwa Kiswahili, kisha arudie kwa maneno yake: kidonge kipi asubuhi, kipi hakiachwi hata mwezi wa Ramadhani bila kumuuliza daktari. Kidonda cha mkono kikitoa damu, abonyeze kwa nguvu dakika 10 bila kuchungulia, na isipokata waende hospitali huku anabonyeza. Kifua kikianza kubana tena wasikae kuchemsha tangawizi, waondoke. Akishindwa kurudia, aelezwe upya.

Kwetu tumeshakubaliana. Kliniki ijayo Mama mkubwa ndiye ataingia na mzee kwa daktari. Maswali yake ameshayapanga, mengine amekataa kutuambia. Kaka akija atakaa dirisha la malipo.